Malalamiko ya Walimu Watatu

Enzi za Mwingereza tulikuwa walimu watatu katika chuo kidogo cha ualimu cha misheni, kule Muleba. Kila jioni tulikaa barazani tukitafuna kahawa kavu, kama Wahaya wote, na kulalamika. Nyumba zetu zilivuja. Mshahara ulikuwa wa kuchekesha. Karani wa kahawa kule Bukoba, tuliyemfundisha wenyewe, alikuwa na baiskeli. Sisi tulikuwa na miguu.

Siku moja tukaambiwa mkaguzi Mzungu anakuja. Tukamchagua mkubwa wetu atusemee, tukamfanyisha mazoezi mpaka akaweza kulalamika bila kupumua.

Mkaguzi akauliza, "Walimu, mnapungukiwa na nini?"

Mwenzetu akageuka, akautazama ubao wa darasani uliopasuka katikati. "Bwana mkaguzi," akasema, "tunaomba ubao mpya." Akaketi.

Nilimnunia wiki nzima. "Na paa je, Mwalimu?" nilimwuliza.

"Nilisahau," akanijibu, bila hata haya.

Ubao ukaja, mweusi, mpana, hauna hata mkwaruzo. Jumamosi moja mchana mvua ikashuka ghafla kutoka ziwani, nami nikakumbuka kwamba darasa nalo linavuja. Nikakiacha kitanda changu kinalowa, nikatoka mbio. Niliwakuta wenzangu wameshaubeba ubao mpaka mahali pakavu, wote wawili wamelowa chapachapa, mmoja akiufuta kwa shati lake la kanisani.

"Umechelewa, Mwalimu," wakaniambia.