Blanketi la mkwe

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mkwe wangu mpaka nikaishia kupiga vigelegele!

Nina kazi tatu kwenye cherehani: sare za kwaya, mapazia, na blanketi la vipande vya vitenge la binti yangu na mumewe.
Vipande vikaniishia, nikakata gauni langu kuukuu. Akili sina!

Mkwe katoka Magu kulichukua. Kalikunjua, kaliachia kama linaunguza.

"Mama, samahani. Hili si gauni lako?"

Mkwe ajifunike nguo ya mama mkwe! Kwetu mwiko. Nilitamani kuingia chini ya cherehani.

Akaangalia chini. "Basi atajifunika mjukuu. Yeye na bibi yake hawana mwiko."

"Mjukuu yupi?"

Akaziba mdomo.

Kumbe binti yangu kamkataza kusema!

Nitakuwa bibi, nyie! Sasa nampigiaje simu binti bila kumchongea mumewe?