Mguu wa Vita, Mguu wa Nyumbani

Aika alianza kumwonea Melkizedeki kijicho siku ile ile mwanamume huyo aliposhuka kwenye lori pale Maji ya Chai akiwa na mguu mmoja. Wanawake walipiga vigelegele. Wazee walisimama. Mtu alitumwa mbio kwenda kumwambia mama yake aache ndizi jikoni, mwanawe amerudi. Mguu wa pili ulikuwa umebaki Bama, huko Asia, alikokwenda kupigana na Wajapani kama askari wa keya, jeshi la Mwingereza.

Aika aliyaona yote hayo kutoka kwenye baraza la duka la Mhindi, mkono ukiwa kwenye cherehani. Mguu wake wa kulia ulinyauka utotoni kule Machame, baada ya homa, na tangu hapo alitembea kwa fimbo. Akasema moyoni: mimi nina mguu mmoja maisha yangu yote, na sijapigiwa hata kofi.

Hakuwa na shida ya kula. Cherehani yake ilikuwa ya mkono, maana ile ya kukanyaga inataka miguu miwili. Mkono mmoja ulizungusha gurudumu, mwingine ukaongoza kitambaa, na mshono wake haukupinda. Shida ilikuwa macho ya watu. Wajawazito walipompita walijitemea mate kifuani, wasije wakazaa kama yeye. Hao hao walimpelekea Melkizedeki watoto wao awashike kichwani, wapate ushujaa. Kumbe mguu ukipotelea vitani ni baraka, ukinyauka nyumbani ni mkosi.

Kisha Melkizedeki akaletewa mguu wa mti kutoka Nairobi, wenye mikanda ya ngozi iliyong'aa. Soko zima lilikwenda kuutazama.

"We Aika, utamtoboa mtoto wa watu kwa macho," alisema Nashipae, aliyeuza maziwa chini ya baraza.

"Naangalia kiatu."

"Kipi? Cha mguu wa Mungu au cha mguu wa fundi?"

"Nyamaza, maziwa yako yanaganda."

Mwaka ule Aika alikuwa na tumaini moja kubwa. Mke wa mchungaji alimwahidi kwamba magauni meupe ya mabinti wa kipaimara, ambayo sikuzote yalishonwa mjini Arusha, safari hii atashona yeye. Mabinti wangesimama madhabahuni, usharika mzima ukiwatazama, na kila pindo lingekuwa limetoka mkononi mwake. Aliwaza mapindo hayo hata alipokuwa akishona magunia.

Ndipo akaja Dismasi, mwandishi wa kijigazeti kimoja cha mjini, na kamera shingoni. Alitaka habari ya jinsi vilema wanavyosaidiwa. Akamsimamisha Melkizedeki mbele ya duka, kifua mbele, suruali imekunjwa ili mti uonekane. Aika alivumilia kidogo, kisha donge likamshinda.

"Bwana Picha! Na huku kuna mguu!"

Dismasi akaja, akamtazama yeye, akaitazama cherehani. "Vizuri, mama. Lakini hiyo mashine iache."

"Ndiyo kazi yangu."

"Najua. Ila msomaji akiiona atauliza, huyu anataka msaada gani? Njoo ukae pale chini, miguuni pa shujaa. Mkono uweke hivi." Akamwonyesha kiganja kilichofunguka kuelekea juu.

Aika alikuwa karibu kumtukana. Lakini Melkizedeki akadakia, kwa upole wa mtu aliyezoea kusikilizwa: "Mwache dada akae na mashine yake, bwana."

Hilo ndilo lililomharibia. Kutetewa na huyo huyo! "Nani amekutuma uniombee?" alisema, akashika fimbo, akateremka, akaketi mavumbini na kufungua kiganja. Kamera ikalia.

Gazeti lilipofika kwa basi, Aika alilisoma mwenyewe. Chini ya picha iliandikwa: *Shujaa Melkizedeki amesimama tena. Kilema hiki kilichoketi miguuni pake kingali kinangoja wahisani.*

Mwandishi alikuwa amefundishwa darasani kwamba ki hufuatwa na ki, naye akatii. Pwani hata mtoto angemcheka, kwa maana kilema hiki ni kasoro, na mtu ni kilema huyu. Lakini huku mlimani, ambako Kiswahili huvaliwa kama koti la kwendea mjini, sentensi ilipita bila mtu kukohoa. Hata Aika, kilichomchoma kwanza kilikuwa kingine: mwenzake alikuwa na jina, yeye hakuwa nalo.

Jumapili iliyofuata walimchangia. Alipewa blanketi na sukari, na akaombewa kwa sauti. Mke wa mchungaji alimshika mkono. "Hatukujua unateseka hivi. Yale magauni usijisumbue nayo, tutayapeleka mjini. Wewe pumzika."

Aika alirudi nyumbani na blanketi begani, akalichukia kama nyoka. Akalisoma tena gazeti, polepole, na safari hii akaliona lile *hiki*. Asubuhi akapanda kilima kwenda kwa mke wa mchungaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Aika. Mbona umejitesa na mlima? Ungeagiza mtu."

Aika akaweka blanketi kibarazani, akafunua gazeti. "Mama, hapa pameandikwa kilema hiki." Akainua sketi hadi kwenye ugoko. "Kilema hiki ndicho hiki. Hakijawahi kushona hata kifungo." Kisha akajipiga kifua. "Mshonaji ni huyu. Na uliyemwahidi ni huyu."

Mama akatazama pembeni. "Lakini watu wameona picha. Watasema tunamtumikisha mgonjwa. Labda ungeshona moja kwanza, nilione."

"Hiyo blauzi uliyovaa nilishona mimi. Umeivaa Krismasi mbili."

Mama akatazama mikono ya blauzi yake kama anaiona leo. Kisha akaingia ndani, akatoka na furushi la kitambaa cheupe. Sukari iliyobaki kwa Aika wala hakuidai.

Aika alishuka na furushi kichwani, fimbo ikigonga mawe. Kwenye kona, Melkizedeki alikuwa ameketi juu ya gogo, mguu wa mti ameuvua na kuulaza kando, akisugua kigutu kilichochubuka.

"Nikubebee, dada Aika?"

"Kwa mguu upi?"

Akacheka. Kisha akalitazama furushi. "Wewe unapewa kazi. Mimi tangu nirudi naombwa kusimama tu. Shamba la kahawa analima kaka yangu, eti shujaa apumzike." Akatazama mikono yake yote miwili, mizima, minene. "Hivi, ile cherehani ya mkono, ni vigumu kujifunza?"

Aika alijua ingemchukua majuma machache tu. Akamwona tayari barazani, soko zima limemzunguka, watu wakipanga foleni washonewe suruali na shujaa.

"Vigumu mno, kaka," alisema, akashikilia furushi lake kwa mkono, akaendelea kushuka.