Uzi Mwembamba wa Gitaa la Kanisa

Enzi zetu, sisi tuliokulia Akheri, gitaa la kwanza hukulinunua. Ulilitengeneza mwenyewe. Ulitafuta galoni ya mafuta ya kula, ukaipachika kwenye ubao, ukagongelea misumari juu na chini, kisha ukavuta mshipi wa kuvulia samaki. Mishipi tuliipata kwa wavulana walioshinda Ziwa Duluti, nami niliwabadilishia kwa mapera. Nyuzi tatu zilitosha. Tulikaa kando ya mfereji, chini ya migomba, tukapiga mapambio mpaka mama aite watu wakale loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando. Mwenye galoni kubwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi. Vijana wa leo wakiona chombo kile watauliza kinachajiwa wapi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita binti yangu Upendo, mwenye miaka kumi na minne, aliletewa na mjomba wake gitaa la kwanza la umeme. Jekundu, na nyuzi zimeota kutu. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu Kijenge hakukukalika. Upendo alijifunza kwenye simu, akaja kunihubiria: nyuzi ziko juu mno ndiyo maana vidole vinauma, shingo ya gitaa ikipinda inanyooshwa, zile skrubu ndogo za mwisho ndizo zinazoshusha nyuzi. Nilimsikiliza tu. Alidhani mama yake haelewi. Nilikuwa naelewa, na sikuwa nimegusa gitaa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tulipokwenda mjini kununua nyuzi, kijana wa dukani aliuliza bila kuinua macho kwenye simu yake, "Mama, namba tisa au namba kumi?"

Upendo akawahi kujibu kwamba anayeanza huchukua namba tisa, ni nyembamba, haziumizi vidole. Kijana akasukuma pakiti mezani. Niliisoma mara mbili. Zilikuwa za nailoni.

"Hizi sizo," nikasema. "Gitaa la umeme halisikii nailoni. Linataka chuma."

"Duh, mama yuko vizuri," kijana akamwambia Upendo, akabadilisha. Nikanunua seti mbili. Upendo aliuliza ya pili ni ya nini, nikamjibu ni ya tahadhari. Sikumwambia kwamba tahadhari hiyo ni ya zamani kuliko yeye.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya vijana pale usharikani. Wageni fulani walipolizawadia kanisa gitaa la umeme, wazee wa kanisa waligawanyika. Mmoja wao alisema wazi kwamba chombo cha baa hakiwezi kusogea karibu na madhabahu. Baba akawaomba wamwachie mpaka siku ya mavuno: likifaa libaki, lisipofaa liondoke. Akalitunza nyumbani, limeviringishwa kwenye khanga ya mama, limetundikwa msumarini juu ya kitanda. Hatukuwa na umeme, kwa hiyo alifanya mazoezi makavu, sikio ameliegesha kwenye ubao wa gitaa. Kila alipolirudisha ukutani alituambia, "Hili gitaa si letu, ni la kanisa." Baba hakuwa mtu wa fimbo. Ukimkosea alinyamaza tu, na kunyamaza kule kulitutisha kuliko kuchapwa.

Jumamosi, kesho yake ndiyo mavuno, baba na mama walikwenda sokoni Tengeru. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikalishusha. Nilitaka tu kulityuni kama nilivyomwona baba akifanya, nikazungusha ufunguo wa uzi mwembamba kuliko wote, nikazungusha tena kidogo. Uzi ukakatika pa, ukanichana shavu.

Wasomaji wa rika langu wanajua hofu ninayoisema. Nyuzi za gitaa siku hizo zilikuwa za kumwagiza mtu anayekwenda Nairobi, na ibada ilikuwa asubuhi. Nikaifuata galoni yangu, nikafungua mshipi mmoja, nikaufunga pale ulipotoka uzi, nikaukaza mpaka ukalingana na sauti niliyokuwa nimeikariri. Nikalipiga kavu, likaitika vizuri. Mama aliporudi akaniuliza shavu limefanya nini. Nikasema nimechanwa na miba ya ua. Akanibandika plasta huku akisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Yeye alikuwa anazungumzia kidonda.

Asubuhi mbuzi wa sadaka alikata kamba, tukamkimbiza shambani hadi tukachelewa, na baba hakupata nafasi ya kulikagua gitaa. Kanisani kulikuwa kumejaa mikungu ya ndizi, kahawa, kuku waliofungwa miguu. Jenereta ilinguruma nje. Nikakaa benchi la watoto, nimeshikilia ubao kwa mikono miwili.

Wimbo ulianza kwa gitaa peke yake. Nyuzi nene zikajaza kanisa, watu wakatabasamu. Baba akafika pale sauti inapopanda juu, na pale pakawa kimya. Niliona kidole chake kinapiga na hakuna kinachotoka. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba gitaa la umeme lina sumaku inayosikia chuma tu. Baba akaangalia chini mara moja. Kisha akashika waya wa spika akautikisa, akautikisa tena, watu wote wakageukia spika. Huku akiutikisa, zile sauti zilizokosekana akaziimba kwa mdomo wake, na kwaya ikamfuata hadi mwisho.

Baada ya ibada wazee walimweka kikaoni. Nilisimama nje ya dirisha nikamsikia: "Kosa ni langu. Sikulikagua." Gitaa likafungiwa stoo ya kanisa, kwaya ikarudi kwenye ngoma na kayamba, na baba hakupiga gitaa tena. Nikangoja aniulize. Siku zikapita, hakuniuliza, nami kila nilipotaka kusema niliona muda umeshapita mno. Nikasoma, nikaolewa, nikazaa, bado naogopa.

Sasa Upendo akang'ang'ana kwamba gitaa lake lazima lisetiwe na Babu, yaani baba yangu, kwa kuwa amesikia ana sikio la muziki. Jumamosi tukapanda Akheri.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu lete tulione."

Baba akaketi naye barazani. Akamwonyesha kubadilisha uzi mmoja mmoja, asizitoe zote kwa mkupuo kwa sababu shingo imezoea kuvutwa. Akamfundisha kuuvuta uzi mpya kwa vidole ili ulegee mapema usije kuhama sauti katikati ya wimbo. Upendo aliweka simu ya kutyunia mbele yake, Babu akaifunika kwa kofia. Wakafika uzi mwembamba wa mwisho. Upendo akazungusha ufunguo, akazungusha tena kidogo.

Pa.

Nilikuwa nimeshasimama kabla sijajua nimesimama.

"Babu, nimekata uzi. Nimezidisha," Upendo akasema. "Mama, lete ile seti ya tahadhari."

Basi, kosa lake likaishia hapo. Nikampa pakiti, nikamgeukia baba.

"Baba, ule uzi wa siku ya mavuno ulikuwa mshipi. Ni mimi niliyeufunga."

Hakuinua kichwa. Alikuwa anaingiza uzi mpya tunduni. "Niliuona kabla ubeti wa kwanza haujaisha," akasema. "Waya wa spika haukuwa na shida yoyote. Niliutikisa ili watu waangalie spika. Ulikuwa unalia pale benchini, na plasta shavuni. Wangekuona."

"Wakakunyang'anya gitaa, baba. Ungesema tu."

"Elinami," akasema, "gitaa lilikuwa la kanisa. Wewe ulikuwa wangu."

Nimewasema sana watoto wa leo, kwamba wana midomo, hawaogopi wakubwa, kila kitu wanaulizia simu. Ni kweli wanayo hayo. Na ni kweli siku zetu zilikuwa na mfereji wa maji safi, mapera, na wazazi waliokufichia aibu bila kukudai shukrani. Ningeyarudisha yote, isipokuwa hofu ile niliyokuwa naiita heshima. Upendo alisema kosa lake uzi ukiwa bado unacheza hewani. Mimi nimemcheleweshea baba ukweli mpaka vidole vyake vimekufa ganzi, na hilo linaniuma.

Maana kazi ilipokwisha Upendo alimpa Babu gitaa ajaribu kulipiga, na Babu hakuweza tena kubana nyuzi. Akalirudisha mapajani kwa mjukuu wake, akaziimba zile sauti za juu kwa mdomo, polepole, na Upendo akawa anazitafuta moja moja kwenye uzi mwembamba mpaka akazipata.