Ukungu Alioutaka Mama

Sogea karibu, wewe unayetaka kuchora na hujui uanzie wapi. Nitakueleza polepole. Habari yenyewe si ya furaha, lakini nadhani itakufaa.

Mimi nachora picha za kuwauzia watalii hapa Karatu mjini. Kazi hii ina mazoea yake. Kreta ya Ngorongoro huchorwa ikiwa wazi, anga la bluu, tembo mmoja, na Wamasai wembamba waliojifunga shuka nyekundu. Madereva wa watalii wakifika ukingoni na kukuta ukungu husema, "Kreta imefunga," na wageni hukaa garini wakingoja ifunguke. Sisi wachoraji nasi tumejizoeza hivyo hivyo. Penye ukungu tunaona hakuna cha kuchora.

Mama yangu anaishi nami. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alitueleza kwa upole kwamba matone ya dawa yangechelewesha upofu tu, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Tulipotoka hospitali hakulia. Jioni, akimenya viazi kwa kupapasa, alisema anataka nimchoree kitu kimoja kabla giza halijafika: mlima Oldeani, kama unavyoonekana kutoka mlangoni petu pa zamani kwenye kambi ya vibarua, katika shamba la kahawa alikofanya kazi akitulea.

Nikamwambia hilo ni jepesi. Nikamletea picha ya Wamasai niliyoimaliza siku hiyo, aone mkono wangu ulipofika. Aliipitisha mbele ya uso kipande kwa kipande, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, maana pembeni hakuwa anaona tena.

"Hawa vijana wanakimbilia wapi?"

"Hawakimbii, Mama. Ndivyo wageni wanavyopenda."

"Na hii miguu! Mwanangu, wape uji kwanza, halafu ndiyo uwauze."

Tulicheka sana. Sikumbuki kama tumewahi kucheka hivyo tena.

Nikapanda bodaboda hadi kule shambani Oldeani. Barabara ile unaijua ilivyo. Unafika na kiuno si chako. Kambi ilikuwa imebaki nyumba chache. Yetu ilikuwa bado imesimama, mtu amehifadhi mabua ya mahindi ndani. Nikakaa mlangoni na ubao wangu magotini. Ulikuwa msimu wa baridi, na ukungu umeziba kila kitu kuanzia mistari ya mibuni iliyo karibu. Nikangoja ufunguke. Mchana ukapita, vidole vikafa ganzi, nikarudi na ubao mtupu.

Nikaenda tena, na tena. Kijana wa bodaboda akapata la kunitania: "Vipi msanii, leo pia umechora blanketi?"

Kila nikirudi Mama aliniuliza, "Umeuona?"

"Umefunga, Mama."

Wiki zikawa zinapita hivyo. Asubuhi moja nilimwona akimimina chai pembeni ya kikombe, inamwagika mezani, naye anaendelea kumimina. Nikafuta meza.

Hatimaye siku moja mlima ukafunguka. Nikachora kwa haraka na kwa furaha: kilele, mikunjo ya mabonde, mianzi ya juu, anga safi. Ilikuwa picha nzuri, ningeweza kuiuza siku hiyo hiyo. Mama aliishika karibu kabisa na pua, akaipitisha yote.

"Mlima mzuri," alisema. "Huu mimi sijawahi kuuona."

"Ndio wenyewe, Mama. Nilikaa mlangoni petu."

"Nilikuwa natoka ninyi mmelala, ukungu umejaa. Mchana niko ndani ya mibuni, naangalia matawi. Nikirudi, ukungu umeshuka tena. Anga hilo nililitazama saa ngapi? Mimi nilitaka ule ukungu."

Siku zote zile nilikuwa nimeketi mbele ya kitu alichokiomba, nikingoja kiondoke.

Nikarudi alfajiri iliyofuata. Hapa nikueleze jambo la kazi. Usichore ukungu kwa kupaka rangi nyeupe juu ya picha, utapata ukuta. Chora kwanza kila kitu kilichopo nyuma yake, mibuni, bonde, mlima wote. Kisha, kabla rangi haijakauka, chukua kitambaa na ufute kidogo kidogo, ukianzia mbali. Mkono utakuuma kufuta ulichokitengeneza. Futa hivyo hivyo.

Ilinichukua muda, kwa sababu nilifuta vibaya mara nyingi, na macho ya Mama hayakunisubiri. Nilipoifikisha nyumbani, Mama aliipitisha mbele ya uso, akairudisha, akaipitisha tena. Kisha akailaza mapajani.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi niambie."

Nikamwambia: mstari wa kwanza wa mibuni unaonekana, wa pili kwa shida, baada ya hapo hakuna kitu.

"Mlango wa jirani?"

"Sikuuchora."

"Moshi wake ulikuwa unatokea chini ya mlango, kuni zikiwa bado hazijashika. Nikiuona, najua nimechelewa kazini."

Nikachukua brashi, nikauchora mlango na moshi chini yake, ingawa hatauona. Keshoye akauliza habari ya ndoo iliyokuwa ikikaa chini ya michirizi ya paa. Picha hiyo haiko dukani na bado haijaisha. Kila akikumbuka kitu narudi nayo Oldeani, nakaa mlangoni, natafuta mahali kilipokuwa. Halafu namsomea, naye anasikiliza amefumba macho, kana kwamba kuna tofauti.

Kesho, kabla hujashika brashi, mtafute mtu aliyewahi kuishi pale unapotaka kuchora, angali anaona. Muulize alikuwa anaona nini akifungua mlango asubuhi. Kisha nenda ukakae hapo, na uchore kilichopo siku hiyo, hata kama kumefunga.