Golicha Aliyeachwa Bulla Pesa

Golicha alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa mtaa wa Bulla Pesa, na sitaficha: alikuwa mzee mkaidi kama punda.

Ujana wake wote aliumalizia kwa ng'ombe kule Biliqo, na kilichompa jina ni kuchagua. Wakati wa ukame ng'ombe dhaifu huanguka, na watu humwinua kwa kumshika mkia na pembe. Golicha alikuwa na sheria yake: akianguka mara ya tatu, aachwe. Watakaobaki watazaa wenye nguvu kama wao. Mwaka 1973 aliacha nusu ya kundi njiani, pamoja na jike ambaye maziwa yake yaliwalea watoto wa Golicha mwenyewe. Hakulia. Watoto walitazama, wakajifunza.

Ukame wa 1984 ulipokuja, aliyeanguka ni yeye. Mara ya tatu, mwanawe mkubwa, Yattani, alimleta mjini, akampangia chumba, akarudi kwa mifugo. Golicha hakulalamika. Angemlalamikia nani, na mwalimu ndiye yeye? Alitaka kimoja tu: mvua ikinyesha, arudishwe Biliqo.

Basi akaanza kujizoeza. Kila asubuhi alitembea hadi soko la ng'ombe na kurudi, fimbo mkononi, akihema. Tulimtania, "Mzee, unakimbilia harusi ya nani?" Naye akatutukania mama zetu. Vidonge vya zahanati vilimtuliza kifua, mahindi ya msaada yakamrudishia mwili. Lakini watu wa rika lake walikuwa wamekufa wote. Jioni aliwataja mmoja mmoja kwa sauti, nami ng'ambo ya ukuta nikasikia upweke ule mpaka moyo ukaniuma.

Mvua ilinyesha mwaka 1985, na Yattani akaja. Golicha alivuka ua mara mbili mbele yake, bila fimbo.

"Umeona? Mimi iko na nguvu. Twende nyumbani."

Yattani alitazama chini. "Huko hakuna dawa, Baba. Tukihama tena, tutakupoteza. Hapa iko daktari, iko maji ya mfereji. Hapa utaishi miaka mingi sana."

"Na nani?" Golicha akauliza.

Yattani akageuka kunitazama mimi, niliyekuwa napika mlangoni pangu. Nami, Mungu anisamehe, nikainamia sufuria.