Bomba la Isansa na Zamu ya Mwisho

Waandishi wenzangu hunicheka ninavyofuatilia habari za bomba la gesi. Wao wanajadili riwaya, mimi nimeinamia gazeti nikisoma iwapo mwenye bomba atalazimishwa kupitisha gesi ya mwingine, kwa ada ileile anayojitoza mwenyewe. "Wewe na mabomba!" wananitania. Hawajui kwamba nilikulia kando ya bomba, Isansa, huko Mbozi, na kwamba sera hiyo niliiona ikitungwa na wakulima, baba yangu akiwa ameshika spana.

Letu lilikuwa bomba la maji. Ushirika ulipoishiwa nguvu na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda kutoka Tunduma, baba na wenzake wachache walichimba mtaro kwa majembe, kutoka chemchemi ya mlimani hadi kwenye mashine ya kumenya kahawa. Kahawa mbivu haisubiri. Ikichumwa leo ipite mashineni leo na ioshwe, la sivyo inachacha. Asiye na maji alilazimika kuwauzia wenye bomba kahawa yake kabla haijaharibika, kwa bei waliyotaka wao. Nyumbani tulikula vizuri, wala hatukujiuliza.

Kisha mama mmoja wa Tunduma, mfanyabiashara wa vitenge, akanunua shamba jirani na letu. Msimu ulipokaribia akaja kwenye mkutano wa kikundi, amejitanda ushungi, akaomba maji kwa malipo.

"Bomba ni letu, mama," mmoja akamwambia. "Tulipokuwa tunachimba ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Tunduma, nawavisha wake zenu."

Watu wakacheka, hata yule aliyeuliza.

"Jasho lenu silikatai," akaendelea. "Nitozeni la mtaro, nitozeni la matengenezo, sawasawa na mnavyojitoza. Lakini mwenye koki akiwa ndiye mnunuzi, mimi maji nitayapata lini? Kahawa ikishaoza?"

Macho yote yakamgeukia baba, maana ndiye aliyekuwa mwenyekiti na mshika spana ya koki. Nilijua anachoombwa kukitoa: ile faida iliyotuvisha viatu.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema, kwa Kiswahili chake chenye mapigo ya Kinyiha, "Nyumbani kwa marehemu baba, aliyekata nyama alichukua kipande cha mwisho. Ndiyo maana alikata sawa. Basi mshika spana ataosha mwisho. Wengine wote kwa zamu ya kufika, awe wa kikundi au asiwe. Na mimi sinunui tena kahawa ya mtu."

"Mwenyekiti, unatuuza!"

"Haya, chukua spana wewe." Akamnyooshea. "Ila uoshe mwisho."

Spana ilibaki hewani. Hakuna aliyeipokea.

Msimu ulipopamba moto, maji yakapungua bombani. Siku moja foleni ilifika barabarani, na magunia yetu yalikuwa mkiani tangu asubuhi, yakianza kutoa harufu. Mama akamfuata baba pale kwenye koki.

"Baba watoto, kahawa inachacha! Spana si iko mkononi mwako?"

"Ndiyo maana siwezi."

Yule mama wa Tunduma, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, akasogeza magunia yake pembeni. "Pita, mzee. Mimi nitangoja."

"Osha, mama. Ukinipisha leo, kesho watasema umeninunua."

Tuliosha jua likizama. Mnunuzi alipokuja alinusa, akachukua tuliyochuma siku nyingine, akaiacha ya siku ile, ambayo baada ya kumenywa ilijaa gunia moja. Mama akalifunga lile gunia kwa nguvu. Nilidhani amekasirika.

Kwetu kahawa tunailima, tunachokunywa ni chai. Lakini lile gunia mama alilikausha, akalikoboa kwenye kinu, akaikaanga ile kahawa mpaka majirani wakaja kuuliza kunaungua nini. Tangu hapo mgeni hakuondoka kwetu bila kikombe. Mgeni wa kwanza alikuwa yule mama wa Tunduma. Alionja, akakunja uso.

"Mbona chungu hivi, shoga?"

"Kunywa," mama akamwambia, huku amenyoosha shingo kwa fahari. "Hiyo ni ya mshika spana."

Akainywa yote, akaomba nyingine.