Vumbi la Breki

Baba yangu alikuwa fundi breki katika gereji ya malori mjini Moshi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila gurudumu alilofungua lilikuwa na vumbi, naye alilipuliza kwa upepo wa kompresa mpaka likatanda gereji nzima. Hakuna aliyemwambia kwamba breki zile zilitengenezwa kwa asbesto, wala kwamba nyuzi zake zikiingia kwenye mapafu hazitoki.

Alistaafu akarudi kwetu Old Moshi, kwenye kihamba chake cha kahawa na migomba. Mwaka juzi nilimkuta amesimama katikati ya mteremko, ameshika mgomba, anatafuta pumzi.

"Ni uzee tu," akasema.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alitazama picha ya kifua, kisha akauliza jambo ambalo hatukulitegemea: "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Ndipo tukajua mapafu yake yana makovu. Daktari alitueleza kwamba sheria inamruhusu mtu aliyeugua kutokana na kazi yake kudai fidia, ila asichelewe. Nikamtafuta wakili wa msaada wa kisheria, mama mmoja mpole. Alitaka ripoti ya daktari na ushahidi kwamba kazi ile baba aliifanya kweli. Gereji ilikwisha fungwa, na aliyekuwa mmiliki alisema hakumbuki. Baba akawatafuta wenzake wawili wa zamani, mmoja anaishi Masama, mwingine hapo mjini. Wote wakaandika walichokiona.

Asubuhi ya kuhojiwa na maofisa wa fidia, nilimwomba jambo moja. Ujanani alivuta sigara kwa miaka kadhaa, nami niliogopa wangeshikilia hilo.

"Baba, habari za sigara usiziseme."

Akanitazama bila hasira. "Mwanangu, nikiwaficha hilo, wataniaminije kwenye mengine?"

Tulipoingia alilisema yeye mwenyewe, kabla hajaulizwa. Ofisa alifungua ripoti ya daktari, akaisoma taratibu. Iliandikwa wazi kwamba makovu ya namna ile hayaletwi na sigara.

Baada ya miezi kadhaa dai lake lilikubaliwa. Mimi nilidhani yamekwisha. Kesho yake akaniambia twende tena kwa wakili.

"Wale wenzangu nao wapimwe," akamwambia. "Vumbi tulivuta pamoja."

Walipimwa. Yule wa Masama alikutwa na ugonjwa uleule, na sasa wakili anashughulikia dai lake.

Baba hapati nafuu kubwa, na kahawa tunamchumia sisi. Lakini kila akishuka mjini kliniki, hupita kwenye gereji moja au mbili. Mafundi vijana humwamkia shikamoo, naye huvuta kiti, akisha kupumzika huwaambia waache kupuliza vumbi la breki, walilowanishe kwanza kwa maji. Wiki iliyopita nilimsubiri nje ya gereji mojawapo karibu saa nzima. Alikuwa ameinama kwenye gurudumu, anawaonyesha.